Kelele Upande wa Pili

Tillman, Indiana
3 Oktoba 1978

Mwanangu Glenda,

Nakusalimu, nikitumaini koo lako limepona na joto la huko Los Angeles limepungua. Mimi sijambo. Goti linanisumbua asubuhi, likishapata moto linaniachia mpaka jioni. Wanavuna mahindi pande zote za mji na vumbi lake limeingia hadi ndani ya kabati la vikombe. Bi Opal anakusalimu, Dwight anakusalimu, na mchungaji ameniuliza tena kama unakula vizuri.

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba santuri yako imefika kwetu kiwandani. Jumatatu Dwight, msimamizi wetu, alikuja hadi kwenye mashine yangu akasema, "Orville, leo ya kwanza utaitoa wewe." Nikaenda. Nilitia donge la plastiki katikati ya mashine, lile ambalo ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiliita andazi jeusi, nikafunga, mvuke ukapita, maji baridi yakapita, nikafungua. Ilitoka safi. Haikupinda, ukingo umekatika vizuri, na uzito ni ule unaotakiwa. Nimeifanyia kazi kampuni ya Stanhope tangu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, tulipokuwa tukisaga santuri kuukuu kwa sababu malighafi haikupatikana, na mtu alikuwa hauziwi mpya mpaka alete ya zamani. Sijaona nyingi zilizotoka vile mara ya kwanza.

Tukaipeleka chumba cha kusikilizia. Bi Opal ndiye anayekalia kiti cha mama yako sasa. Alivaa hedifoni akaisikiliza yote bila kunitazama, kama alivyokuwa akifanya mama yako. Akakuta makosa mawili. La kwanza ni mkwaruzo mdogo upande wa kwanza. Tulisafisha bamba la mashine ukatoka. La pili liko upande wa pili, wimbo wa nne, ule wa kiti kando ya dirisha. Mwishoni kabisa, kabla ya neno la mwisho, kuna kelele kama ya upepo unaopita chini ya mlango. Tulibadilisha bamba, ikabaki. Maana yake kosa liko kwenye tepu yenu. Waambie watu wa studio walitazame mapema, kwa sababu tukishaanza kukandamiza nyingi hakuna wa kutusimamisha.

Jambo jingine. Kwenye karatasi ya katikati wameandika Gwen Tate. Nilimwambia Dwight wametuletea karatasi za mtu mwingine. Akasema ndiyo wewe huyo.

Ile ya kwanza nimeiweka nyumbani.

Ni mimi,
Baba yako


Los Angeles
14 Oktoba 1978

Baba,

Shikamoo. Koo limepona, joto liko palepale, na mwambie mchungaji ninakula. Goti lifunge kile kitambaa cha sufu alichofuma mama. Najua umekifanya cha kupangusia gari.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali uliposema kama nyimbo zangu ni nzuri au mbaya. Nimepata uzito. Nimepata ukingo. Nimepata goti. Baba, umeniandikia habari za plastiki.

Na hiyo kelele ni mimi. Ni pumzi yangu. Fundi wa studio alitaka kuikata nikamkatalia, tukagombana mpaka akatoka nje kuvuta sigara. Siku ile wimbo niliuimba tena na tena, na kila nikifika pale nilikuwa sina hewa, kwa sababu neno linalofuata ni "Mama" na nilikuwa nimetoka kumzika. Sasa Bi Opal ameiandika kuwa ni kosa, na wewe umenitumia taarifa.

Sikulaumu sana. Nyumba yetu naijua. Mama alikuwa akirudi kutoka chumba kile masikio yamejaa nyimbo za watu, hataki hata redio, nasi tunakula tukisikiliza vijiko. Mimi nimejifunzia kuimba ndani ya gari, vioo vimefungwa, gari limo gereji. Siku moja nilijipa moyo nikamwimbia mama mbele yake, amekaa kwenye kile kiti chake cha dirishani. Nilipomaliza akasema, "Pale katikati umekwaruza." Basi, akarudi kuchungulia nje. Ndiyo habari ya wimbo wenyewe, kama bado hujausikia. Yeye hayupo tena wa kuniambia neno jingine. Nimebaki na wewe, na wewe unaniambia upepo chini ya mlango.

Gwen Tate ni kazi ya Bwana Lathrop, mkuu wa mauzo. Anasema jina letu, Tackett, ni la mtu anayeuza matrekta. Nikamwambia babu yangu aliuza matrekta kweli. Alicheka sana, akaandika Gwen Tate.

Lakini habari kubwa ni hii: wanapakia nusu milioni, Baba, na maduka bado yanaomba nyingine. Lathrop anasema nitapewa tuzo, ile santuri ya dhahabu ya kutundika ukutani. Kwa hiyo staafu. Umesimama mbele ya mvuke ule vya kutosha. Nimeona nyumba ya kupanga yenye chumba cha ziada na mti wa ndimu. Januari ikiisha nataka uwe hapa.

Na usikilize wimbo. Sikiliza kama baba, uache kuusikiliza kama mfanyakazi wa Stanhope.

Binti yako


Tillman
27 Novemba 1978

Mwanangu Glenda,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini u mzima na kazi inakwenda. Huku baridi imeingia. Kitambaa nimekitoa kwenye gari nikakifua, na goti nimelifunga kama ulivyoagiza.

Jumamosi wamekufanyia sherehe bila wewe. Walijaa chumba cha chini cha kanisa la Wamethodisti, kila nyumba na sufuria yake. Bi Opal alileta kuku na tambi juu ya viazi vya kuponda, na watu wa zamu ya usiku wakaja na pudingi ambayo mama yako alikuwa akiitengeneza msimu huu. Walinipa mkono mpaka nikawa sijui niuweke wapi. Tunafanya zamu tatu sasa. Unatujua: kwetu Tillman lori likishatoka getini limejaa, wimbo umeshapendwa. Hakuna aliyewahi kulifuata lori akaona linakoishia.

Karatasi za kustaafu nimetia sahihi. Siku yangu ya mwisho ni Ijumaa ya mwisho ya Januari. Dwight akaniuliza, "Utakwenda kufanya nini California, kuchuma ndimu?" Nikamwambia ndiyo.

Kuhusu wimbo. Jumapili baada ya ibada nilikaa sebuleni nikaiweka ile ya kwanza. Nilisikia kwamba tundu la katikati limesogea kidogo sana, hivyo pale unapovuta sauti ndefu inayumba. Nimemweleza Dwight, wamerekebisha. Niliisikia na pumzi yako. Hata baada ya wewe kuniambia ni pumzi, masikio yaliniambia kosa. Nikarudia, ikawa vilevile. Nilitaka kusikia zaidi ya hapo, mwanangu, sikuweza, na sitaki kukudanganya.

Tangu tumzike mama yako nimekuwa hivi. Silii. Nakula kwa sababu saa ya kula imefika, nalala kwa sababu taa imezimwa. Unajua mkono ulioulalia usiku kucha, unaugusa na hauna habari. Mimi niko hivyo mwili mzima. Usiogope, si ugonjwa, na kazini naenda kila siku.

Baba yako


Los Angeles
20 Desemba 1978

Baba mpenzi,

Shikamoo, na Krismasi njema. Mimi mzima, na natumaini goti limevumilia theluji.

Asante kwa kuniambia kweli. Nilikasirika siku mbili. Halafu nikakukumbuka kwenye mazishi, ulivyokaa ibada nzima ukitazama bawaba za jeneza, na tulipotoka ukaniambia moja imefungwa upande. Nikaacha kukasirika.

Ile santuri ya dhahabu nimepewa. Ndani ya bahasha hii kuna picha yake. Usicheke. Kila upande wa santuri yangu una nyimbo tano. Sasa itazame hiyo ya dhahabu, zile nafasi kati ya wimbo na wimbo. Ni nyimbo nne, Baba. Wamechukua santuri ya mtu mwingine wakaipaka dhahabu, wakabandika karatasi yangu katikati. Nikamwuliza Lathrop. Akasema, "Mpenzi, watu huangalia dhahabu, hakuna anayehesabu." Nikamwambia baba yangu atahesabu.

Tangu hapo hapokei simu zangu. Katibu wake anasema yuko mkutanoni. Ana mikutano mingi kuliko maseneta. Tulikuwa tuanze kurekodi ya pili baada ya mwaka mpya, na sasa naambiwa studio imejaa. Redioni sijajisikia muda mrefu. Wanasema ni msimu, wanapiga za Krismasi tu. Labda ni kweli.

Chumba chako nimekipaka rangi ya njano hafifu. Ndimu zimeiva.

Binti yako


Tillman
4 Februari 1979

Mwanangu Glenda,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, na kama umesimama, kaa kwanza. Mimi ni mzima. Bado niko Tillman, kama unavyoona hapo juu, na tiketi ya basi nimeirudisha.

Ni heri ulisikie hili kwangu kuliko kwa mtu wa mikutano. Wiki yangu ya mwisho kazini malori yalianza kurudi. Lori linalorudi si jambo geni kwetu. Wewe mwenyewe ulikuwa ukicheza nyuma ya ghala yanaposhushwa. Duka likishindwa kuuza linarudisha, na kampuni inapokea bila ubishi. Ndiyo maana duka halikatai kupakiwa mzigo hata uwe mkubwa vipi, na ndiyo maana Lathrop na wenzake wanapakia tu. Wanahesabu lori linapotoka. Linaporudi, anayeliona ni sisi.

Kila mwaka hurudi kidogo. Safari hii zimerudi za kila mwimbaji, mpaka foleni ya malori imefika barabara kuu, na watu wa mjini wakadhani tunapakia. Niliona mmoja dukani kwa kinyozi anafurahi, anasema, "Orville, mwanao ametufungia barabara." Nikamwambia ndiyo.

Nyingi ni zako. Zimo ndani ya makasha yetu wenyewe, hayajafunguliwa, utepe ni ule tuliofunga Oktoba.

Dwight aliniona nimesimama getini akanishika bega. "Nenda kanywe kahawa. Hizi watashusha wengine."

"Nitashusha mwenyewe."

"Zinakwenda chumba cha kusaga, Orville. Unajua hilo."

"Basi nihamishie huko."

"Wewe unastaafu Ijumaa, mzee. Una wazimu?"

"Nirudishie karatasi zangu."

Akamtazama Bi Opal, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na hedifoni shingoni. Bi Opal akasema, "Mpe anachotaka, Dwight." Akanipa.

Utaniuliza kwa nini. Nilifikiri kama ni lazima mtu azishike, nizishike mimi. Na sasa nadhani na mshahara wangu utahitajika, hata kama hukuniambia.

Niandikie ulivyo.

Baba yako


Tillman
25 Februari 1979

Mwanangu Glenda,

Natumaini u mzima. Sijapata barua yako. Simu niliyopiga ilipokelewa na mtu mwingine, akasema namba imebadilisha mwenyewe. Huku theluji imefika magotini na goti langu linajua kabla haijaanguka.

Sijui kama unataka kusikia habari za kazi yangu mpya, ila sina nyingine. Unachana karatasi ya nailoni. Unaitoa santuri kwenye jalada. Jalada linakwenda pipa moja. Santuri unaiweka chini ya kikato, kisu cha duara, unakanyaga, karatasi ya katikati inatoka na jina lake, kwa sababu karatasi ikiingia kwenye plastiki inaharibu. Kinachobaki unakitupa kwenye kinu. Kinatoka punje, kama kahawa iliyosagwa vibaya. Punje zinaingia kwenye magunia, magunia yanarudi mashineni, yanachanganywa na plastiki mpya. Sasa hivi wanakandamiza bendi moja ya muziki wa dansi, vijana wenye suruali nyeupe, na wewe umo mle.

Karatasi zinaanguka miguuni kwangu, Gwen Tate, Gwen Tate. Nimejiambia huyo mtu simjui. Hilo linanisaidia mpaka saa ya chakula. Jalada ndilo gumu, kwa sababu hapo umevaa koti la kijani la mama yako. Nilikuwa sijui kama ulilichukua. Nililitafuta chumbani baada ya mazishi, nikadhani nimelitoa kanisani pamoja na nguo nyingine.

Sioni uchungu. Nakuambia kwa sababu ulinishukuru kwa kusema kweli. Nakanyaga, natupa, nakanyaga. Kelele za kinu ni kubwa mpaka unarudi nyumbani na bado unazo. Sasa nadhani najua mama yako alivyokuwa anajisikia akikaa pale dirishani.

Niandikie hata mstari mmoja.

Baba yako


Los Angeles
19 Machi 1979

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua zako zimefika zote.

Lathrop amefukuzwa kazi. Dawati lake amepewa mwingine, ananiita Gail. Mkataba wanao wao: hawanirekodi, na hawaniachii nirekodi kwingine mpaka muda wake uishe. Nilimwuliza huyo mpya watanisimamisha mpaka lini. Akasema hakuna aliyenisimamisha, mimi ni msanii wa Stanhope, nijivunie.

Nyumba nimeirudisha. Nimepata kazi duka la viatu, napima miguu ya watoto. Ni kazi nzuri, hawasemi sana. Koti la mama ninalo, samahani sikukuomba.

Siimbi. Juzi nilikaa ndani ya gari nikafunga vioo kama zamani. Nikafungua mdomo na halikutoka hata neno, na cha ajabu sikuumia. Nilikaa tu, halafu nikaenda kununua maziwa. Kumbe hiyo ganzi yako ni ya ukoo.

Usiniandikie tena habari za kinu. Nilikuuliza jambo moja tangu Oktoba. Kama huna jibu, sawa, sitauliza tena. Niandikie habari za goti.

Binti yako


Tillman
8 Aprili 1979

Mwanangu Glenda,

Nakusalimu kwa mapenzi. Natumaini afya yako ni njema na watoto hao wa viatu hawakupigi mateke. Goti halijambo. Theluji imeyeyuka na watu wameanza kulima.

Umenikataza habari za kinu, na hii si ya kinu ingawa imeanzia jirani yake. Alhamisi Bi Opal aliniita chumba cha kusikilizia. Nilisita mlangoni, maana sijaingia mle tangu siku ile tuliyoijaribu yako. Mezani kwake kulikuwa na santuri moja iliyofunguliwa, jalada lina alama ya kikombe cha kahawa juu ya koti la mama yako. Unajua utaratibu: santuri ya kosa haiendi kusagwa na zile zisizouzika, inapita kwanza kwa Bi Opal aone kama kosa ni letu. Ilikuwa na kikaratasi cha duka moja la Dayton, Ohio. Wameandika: "Upande wa pili, wimbo wa nne, kelele. Mteja anataka nyingine."

Nikasema, "Ile pumzi tena."

Bi Opal akasema, "Hapana. Njoo uitazame kwenye mwanga."

Niliinua hadi kwenye taa. Nyimbo nyingine zote zinang'aa, utadhani zimetoka mashineni asubuhi ile. Wa nne umekuwa wa kijivu. Tangu nizaliwe sijaona mifereji iliyoliwa na sindano kiasi kile, na bado nyimbo zilizo kando yake ni nzima. Huyo mtu alikuwa anainua sindano, anaishusha palepale. Wimbo ukiisha anainua, anairudisha. Miezi mitano ameuchakaza wimbo mmoja.

"Hii haina kosa la kiwanda," Bi Opal akasema. "Imeisha, Orville. Mtu ameimaliza, na anaomba nyingine."

Na duka halikuwa nayo nyingine, kwa sababu zilikuwa zimesharudi kwangu na mimi nilikuwa nimeshazisaga.

Santuri ya namna hiyo sheria inasema iende kwenye kinu. Niliitia ndani ya koti langu. Bi Opal akavaa hedifoni akageukia ukutani, akasema, "Mimi sijaona kitu."

Nyumbani sikula. Niliiweka na kuishusha sindano pale pa kijivu. Glenda, makosa yalikuwa mengi kuliko wimbo. Ilikuwa kama nyama inakaangwa mle ndani. Mwanzoni masikio yangu yalianza kazi yao, hapa mkwaruzo, hapa tena, hapa umeruka, halafu yakashindwa. Yalikuwa mengi mno kuyataja. Yakachoka, yakanyamaza. Ndipo ukaingia wewe.

Nilikusikia. Nilikusikia unavyoanza chini chini, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine, na nikajua ni gereji. Nilikuona umesimama mbele ya kile kiti na mikono nyuma. Nilimwona na mama yako. Sauti yako inapopanda pale katikati kuna kitu kinakatika kidogo, labda ndiyo ile aliyoiita kukwaruza, na hapo ndipo mwili uliponisisimka. Nilikuwa nimesahau kwamba mwili hufanya hivyo. Na kelele zile zote hazikuifunika ile pumzi. Nilikusikia ukiivuta, na mimi nikavuta. Ukasema "Mama", nikalia. Nililia nikiwa nimesimama, nimeshika kifuniko cha gramafoni, mpaka santuri ikapita wimbo wa tano na kuanza kuzunguka bure. Sijalia vile mazishini. Sijalia vile popote.

Wimbo ni mzuri, mwanangu. Umeimba vizuri. Ulinitaka niseme tangu Oktoba, na wakati ule ningesema ungekuwa uongo. Siku ulipomwimbia mama yako sikuwepo, na sijui alisikia nini, wala sitamsemea. Mimi najua nilichosikia.

Asubuhi yake nilikwenda posta. Ile ya kwanza, niliyoitoa kwa mkono wangu, ambayo sindano imeigusa mara chache tu, nimeituma Dayton kwa duka lile, nikaandika juu yake: mpeni yule mteja. Anaihitaji kuliko mimi. Hii iliyochakaa nimebaki nayo.

Hao wa Stanhope wanaweza kukuzuia kurekodi. Kwenye nyumba hii hawana mkataba. Basi la kutoka huko hufika hapa Jumamosi mchana, na nitakuwa kituoni. Ukija usijifungie gereji tena. Kile kiti bado kiko kando ya dirisha na sijawahi kukikalia. Imba sebuleni, nitakikalia mimi.

Baba yako